Daktari wa Hatua Mia Mbili

Svetolik Krunić aliposhuka kwenye basi pale Vrelovac hakuwa na kitu ila begi moja, suti moja na cheti cha udaktari alichojiandikia mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri kweli. Akaketi kwenye benchi la kwanza aliloliona, akainama viwiko magotini, akaanza kuutazama mji ukimpita.

Na mji ulipita umepinda. Vrelovac ni mji wa maji moto, Serbia yote huenda kuloweka maungo pale, kwa hiyo mtu mwenye mgongo mzima hana shughuli nao. Huyu bega moja juu na jingine chini, yule nyonga imetokeza upande, bibi yule sketi ndefu kushoto na fupi kulia ingawa pindo lilikatwa sawa. Na wote walikuwa na mshtakiwa mmoja: promaja, ule upepo unaoingia dirisha hili na kutokea mlango ule, unaoangamiza watu nchi nzima lakini, ajabu, haujawahi kuvuka mpaka.

"Mimi ulinipata kwenye treni, mwaka themanini na nane," mzee mmoja alikuwa akimwambia mwenzake. "Dirisha huku wazi, mlango kule wazi. Mpaka leo sijanyooka!"

Krunić akamtazama kwa mapenzi. Mwingine angeona wagonjwa. Yeye aliona mapaja ya nguruwe. Maana kwao hakuna aendaye kwa daktari mikono mitupu. Unabeba kahawa, asali, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, na ukipona sawasawa unabeba paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.

Tumtendee haki: hakuwa mwizi. Mwizi huchukua. Krunić alikuwa akipewa, tena kwanza alikataa mara mbili. Shida yake ilikuwa kwenye kuondoka. Kazi ile ina siku yake ya kula kona, na siku hiyo inataka miguu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka mitatu sasa kila akitembea hatua mia mbili miguu ilikuwa mizito, ganzi ikashuka kutoka makalioni hadi vifundoni, na hapo ni kukaa au kuinama. Alijifanya anafunga kamba za viatu. Alijifanya ananusa maua. Majira ya kuchipua yaliyopita, huko kusini, alikimbizwa na mjane wa miaka sabini na mitatu mwenye viatu vya visigino virefu, na mjane akamkamata. Aibu ile ilimkaa rohoni. Safari hii aliapa haondoki kwa miguu: anaondoka na gari, hata kama itabidi aunyooshe mji mzima.

Kufika jioni alikuwa ameshapata chumba cha bure kwenye nyumba ya wageni ya Radojko. Radojko alikuwa mnene, mwenye masharubu na roho ngumu ya kutoa, na kilichomlainisha kilikuwa fremu ya mlango wa jikoni. Humo babake alikuwa amemchongea alama ya urefu wake siku aliporudi kutoka jeshini.

"Tazama, daktari," alisema akijibana kwenye fremu. Utosi wake uliishia vidole vitatu chini ya alama. "Nyumba imepanda au mimi nimeshuka?"

"Unalala kichwa upande gani?"

"Dirishani."

"Na mlango?"

"Uko miguuni."

Krunić akafumba macho kama aliyepokea habari za msiba. "Miaka mingapi?"

"Thelathini! Tangu nioe!"

"Promaja imekuingia upande wa kulia, kaka. Imekukunja polepole kama jani. Ungechelewa mwaka mmoja tu ungekuwa unavaa nguo za watoto."

Radojko akakaa. Ndipo ikatoka siri yake. Binti yake alikuwa ameposwa, na baba wa kijana, Gvozden, ni bwana mrefu aliyewahi kucheza mpira wa kikapu. Siku ya posa Gvozden alimpiga Radojko kofi la upendo kichwani, juu, mbele ya wageni wote, na wageni wakacheka. Jumapili ya tatu Radojko alitakiwa kwenda kula chakula cha mchana kwa wakwe. Alitaka aende amenyooka.

"Ukinirudisha kwenye alama ile, ile gari yangu ya Kijerumani iliyopo uani ni yako. Na kadi yake," alisema. Halafu roho ikamrudi mahali pake. "Lakini mapaja ya wagonjwa wengine tunagawana nusu kwa nusu. Chumba ni changu."

"Kaka, mimi sipokei malipo," alisema Krunić kwa unyenyekevu. "Ila zawadi ni baraka, na baraka haikataliwi."

Basi kazi ikaanza. Mtambo wenyewe ulikuwa ubao uliofunikwa zulia na timazi ya fundi mwashi, uzi wenye chuma kizito mwishoni, iliyoning'inia darini. Chini ya ubao, upande wa kushoto, kulikuwa na kabari nyembamba. Mgonjwa akipanda, mwili mzima unalalia kulia. Krunić alimwonyesha kwenye kioo jinsi uzi ulivyopita mbali na pua yake, mgonjwa akaguna, akavutwa mikono, akapakwa pilipili iliyosagwa na mafuta ya nguruwe, akaamriwa kuziba nyufa za madirisha kwa taulo. Kila ziara kabari ilichomolewa kidogo. Ziara ya saba ubao umelala sawa, uzi unapita katikati ya pua, na mtu anatoka akilia kwenda kutafuta paja.

Jambo moja wateja hawakulijua. Krunić alikuwa mwongo kuanzia jina la kati mpaka shahada, lakini kuhusu promaja alikuwa akisema kweli ya moyoni. Mama yake alikufa akiamini, na yeye aliamini. Usiku aliziba upenyo wa mlango kwa koti lake mwenyewe, na wateja walipofungua dirisha huku mlango uko wazi, daktari alitangulia kukimbia.

Wiki ya pili akaja shangazi Persida, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na bafu za mji. Miaka sitini na sita, miwani puani, pini mdomoni. Alileta chupa ya rakija. Ilikuwa ya plamu, njano na safi. Akapanda kwenye ubao, akatazama kioo, kisha uzi, kisha bega lake. Akavutwa, akapakwa, akashukuru. Mlangoni akasema, "Daktari, pitia kibandani kwangu kesho. Koti lako linakuonea."

Krunić alikwenda akiwa amekaa mkao wa kula. Persida akafunga mlango, akatoa pini mdomoni.

"Mwanangu, bega langu la kushoto liko chini tangu nina miaka kumi na minne. Nimejishonea kila gauni nikilijua hivyo. Jana kwenye kioo chako la chini lilikuwa la kulia. Bega halihami kama mpangaji. Sakafu yako ndiyo mgonjwa."

Krunić akautazama mlango, akaanza kuhesabu hatua.

"Usihangaike, sikupeleki polisi," alisema Persida. "Vua koti. Inama mbele, mikono ining'inie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Akainama. Mkono mkavu wa fundi ukapita taratibu juu ya mgongo wake, upande mmoja, halafu mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Kulia kumeinuka kilima, kushoto kumelala. Nilikuona siku ile uliposhuka kwenye basi. Nikasema, yule anayenusa maua kila baada ya benchi mbili, hanusi kitu."

"Ni promaja," alisema Krunić, bado ameinama.

"Promaja nyanya yako! Mgongo wa mtu mzima hupinda kwa njia mbili. Wangu ulianza usichana ukaendelea nami kimyakimya. Wako umekuja ukubwani. Kati ya pingili kuna vile visahani laini. Vimechakaa, upande mmoja zaidi ya mwingine, jengo likainama. Mishipa ya fahamu ya miguu inabanwa ukisimama, unapumua ukikaa. Hatua ngapi?"

Krunić akasema kwa sauti ndogo, "Mia mbili."

"Radojko ni mia mbili na hamsini, na yeye anadhani ni unene. Nenda ukapigwe eksirei. Watakupima umepinda nyuzi ngapi, watakufundisha mazoezi ya kukaza tumbo na mgongo, utatembea zaidi. Mimi nahudhuria kila mwaka. Hawatakunyoosha, na atakayekuambia anakunyoosha kwa kukuvuta mikono ni tapeli."

"Shangazi, hayo ni maneno ya kuuza mashine za hospitali," alisema Krunić akijifunga vifungo. Lakini alikosea tundu la kifungo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza miguu yake bila yeye kumwambia. Aliogopa, hasa, na mtu aliyeishi kwa kuwatisha wengine hajui afanye nini na hofu yake mwenyewe.

Persida akapandisha miwani. "Sasa biashara. Unamdanganya Radojko kwa ubao, lakini Jumapili hataubeba ubao kwa wakwe. Atapinda kabla hajafika getini."

Hilo kweli lilikuwa likimnyima Krunić usingizi.

"Mimi namshonea suti," alisema Persida. "Naweza kuweka sponji bega la kulia, nikashusha pindo la kushoto, nikampeleka kwa fundi viatu amtie vizibo vya kumwinua ndani ya viatu, cha kulia kinene zaidi. Atasimama wima kama mlingoti wa bendera. Kwa malipo nataka nusu ya mapaja yako, na kiti kwenye gari hadi baharini."

"Baharini kuna nini?"

"Maji. Nina leseni ya udereva tangu mwaka sabini na tisa na sijawahi kuwa na cha kuendesha. Angalau nipandishwe."

Krunić akamshika mkono kwa heshima zote. Moyoni alikuwa ameshachagua kituo cha mafuta atakapomshusha, kile cha kwanza, penye choo, ili asiseme hakufikiriwa.

"Na koti lako niachie," aliongeza Persida. "Nitalirekebisha. Mshirika wangu hatembei amevaa gunia."

Jumapili saa tano asubuhi Radojko alisimama mbele ya kioo ndani ya suti mpya na viatu vipya. Mabega sawa. Suruali sawa. Akarudi nyuma hadi kwenye fremu ya jikoni, na utosi ukagusa alama ya marehemu babake, ukapita hata na unywele mmoja. Akatokwa na machozi, masharubu yakalowa. Akamkumbatia daktari, akambusu mara tatu, akatoa funguo na kadi ya gari. Halafu akashuka mtaani kwa wakwe akitembea polepole, kidevu juu, ili watu wapate muda wa kumwona.

"Haya, haraka!" alisema Krunić.

Wakapakia. Mapaja tisa, chupa kumi na mbili, kajmak, ile malai nzito ya maziwa, kwenye ndoo, na pipa dogo la pilipili za kusaga. Krunić alibeba, Persida alielekeza. Hadi buti linafungwa, Krunić alikuwa amelowa jasho mgongoni na miguu inamwambia mambo. Lakini miguu ni kitu gani sasa! Alivaa koti lake lililorekebishwa, akaketi nyuma ya usukani, akawasha, na gari ikanguruma. Hatakimbizwa tena na mjane yeyote.

Wakateremka barabara ya mabenchi, ile inayotoka kwenye bafu za mji hadi kituo cha basi. Dirisha la Persida lilikuwa wazi. Na hawajafika mbali Krunić akahisi kitu cha baridi kikimlamba shingo yenye jasho. Akageuka. Dirisha la nyuma, upande wake, lilikuwa limeshuka lote.

"Shangazi! Promaja!"

"Iko wapi?"

"Inapita hapa hapa! Funga kioo chako!"

"Changu hakina mpini wa kupandishia." Na kweli haukuwepo. "Funga hicho cha nyuma."

"Nacho hakina mpini!"

"Hicho kinapandishwa kwa mikono, kwa nje. Radojko hufanya hivyo kila siku. Lakini kama unaona ni upuuzi tuendelee tu, baharini ni mwendo wa saa nane."

Saa nane! Shingo imelowa, na mgongo huu! Alimwona mama yake mbele ya macho, amejifunga kitambaa, anatikisa kidole. Akasimamisha gari, akatoka injini ikiwa inaunguruma, akabana kioo kwa viganja viwili na kukivuta juu. Kilipanda sentimita kwa sentimita. Alikuwa akikipongeza kilipofika mwisho, ndipo akaona kwenye kioo hicho hicho kwamba kiti cha dereva kina mtu.

"Asante, mwanangu," alisema Persida akirekebisha miwani. Mfuko wake wa cherehani ulikuwa mapajani, na mipini miwili ya madirisha ilikuwa imechomoza humo. "Mfuko wa ndani wa koti, usisahau."

Gari ikaruka mara moja, ikazimika, ikawashwa tena, ikaondoka vizuri kabisa kwa mtu aliyesubiri tangu mwaka sabini na tisa.

Krunić akakimbia. Tumpe sifa yake, alikimbia. Hatua ya mia na themanini ganzi ikampata, hatua ya mia mbili akaanguka kwenye benchi. Na wakati huohuo, kutoka upande wa juu wa barabara, akasikia sauti.

"Daktaaari!"

Alikuwa Radojko. Suti mpya, masharubu yamesimama, na miguuni malapa ya rangi ya waridi yenye manyoya. Krunić akajipiga paji la uso. Mserbia gani, mtoto wa mama gani, anasahau kwamba ukifika kwa watu unavua viatu mlangoni na kupewa malapa?

"Nimevua viatu!" Radojko alipaza sauti, huku anakuja. "Nimevua, nikashuka! Mbele ya Gvozden! Suruali ikaburura sakafuni! Akanipiga tena kichwani!"

"Pole, kaka!" Krunić akasimama, akaondoka mbio.

"Simama nikuue!"

Lakini aliyesimama alikuwa Radojko. Alishika kiuno, akatafuta benchi, akakaa. Krunić naye akawa amemaliza hatua zake, akakaa benchi la mbele. Wakatazamana, mmoja huku mmoja kule, wakihema.

"Usiondoke!" alisema Radojko.

"Siondoki. Bado."

Wakapumzika. Krunić akainuka, Radojko akainuka. Hatua, hatua, hatua. Wakakaa tena. Wazee waliotoka bafuni walisimama na taulo zao kutazama. Mmoja alisema hajawahi kuona watu wakifukuzana kwa adabu vile. Ilichukua karibu saa nzima kufika kituoni, ambako kulikuwa na benchi moja tu, na Radojko akalazimika kukaa kando ya mtu aliyekuja kumwua.

"Gari yangu iko wapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Inaenda baharini na shangazi Persida."

"Na mapaja?"

"Yako naye."

Radojko akatafakari. "Na nusu yangu?"

"Nayo."

Krunić akakumbuka mfuko wa ndani. Akatoa karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa fundi aliyezoea kuandika vipimo. Akaisoma kwa sauti, kwa kuwa Radojko alikuwa ameacha miwani kwa wakwe.

"'Jumatatu, hospitali ya wilaya, mlango wa eksirei. Krunić saa nne. Radojko saa nne na nusu. Nimewaandikisha wote wawili. Basi ni saa mbili. Gari nitairudisha maji ya bahari yakipoa. Mapaja sirudishi. Persida.'"

Kioo cha kibanda cha tiketi kilikuwa mbele yao, na Krunić alijiona humo. Koti lake lilikuwa limekaa. Bega halikuvuta, kola haikukaa upande, pindo lilikuwa sawa huku na huku. Kwa miaka alikuwa akivaa nguo za mtu mwingine aliyenyooka, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa amevaa za kwake. Ilimuuma, na ilimpendeza, na hakujua lipi limezidi.

"Miguu yako nayo inakufa ganzi?" aliuliza Radojko bila kumtazama.

"Mia mbili."

"Mimi mia mbili na hamsini," alisema Radojko, kwa majivuno kidogo. Akakunja vidole ndani ya malapa ya waridi. "Hiyo eksirei. Wanakupiga picha ukiwa umevaa viatu?"

"Unavua viatu. Unavua na koti."

"Hata sponji haiwekwi?"

"Haiwekwi kitu, kaka. Unasimama ulivyo."

Radojko akashusha pumzi ndefu. Kisha akageuza kichwa, akatazama upande wa nyuma wa kituo, akamsogelea Krunić hadi wakabanana.

"Sogea huku," alisema. "Hapo ulipokaa kuna promaja."